Msiba wa Barua

Alhamisi, asubuhi. Umande ni mwingi na hakuna upepo kutoka ziwani.

Namshukuru Mungu kwa huu umande. Pamba haichumwi ikiwa imelowa. Ukiichuma hivyo inavunda ndani ya gunia, na siku ya mizani wanakurudishia mbele za watu. Kwa hiyo mpaka jua lipande na majani yakauke, hakuna wa kuniuliza kwa nini nimekaa. Mbula ananyonya hapa mapajani. Mkono mmoja ameshika titi, wa pili anavuta kalamu. Mwandiko ukienda upande, ni yeye.

Macho yangu yamevimba kwa kulia na mbavu zinauma kwa kucheka, na vyote viwili vimetoka katika barua moja.

Nimekataliwa tena.

Nimeiandika peke yake hiyo ili niitazame vizuri. Leo inatazamika. Mara ya kwanza nisingeweza.

Tangu tupate Uhuru, kila anayesimama kwenye mkutano kule mjini anasema nchi inataka walimu. Anasema na wanawake pia. Mimi nilisoma hadi darasa la nane kwa masista, nikaolewa, nikaja hapa Buhongwa kwa watu wa mume wangu, na siku nyingine jioni nafundisha akina mama kusoma chini ya upenu wa kanisa. Nafundisha kama nilivyofundishwa, kwa kuimba irabu na kwa vipande vya chaki vya kuomba. Siku moja mama mmoja mtu mzima aliandika jina lake kwa mara ya kwanza, akalitazama sana, kisha akaniuliza, "Sasa hili ni langu?" Nikamwambia ni lake. Nilirudi nyumbani nikiwa sijui miguu yangu inakanyaga wapi. Tangu hapo nataka kuwa mwalimu wa kweli, aliyepita chuoni, anayejua la kufanya mtu anapokwama, maana mimi wakikwama huwa naimba tena irabu kwa sauti kubwa zaidi.

Chuo ni cha kulala hukohuko na kina karo, na karo hatuna. Ndiyo maana nilianza kuomba msaada wa masomo.

Ombi la kwanza nililipeleka kwa wakubwa wa hapa wilayani. Walijibu kwamba wanachukua waliomaliza shule mwaka huohuo. La pili lilikuwa la ng'ambo, nililipata kupitia misheni, nchi ambayo nilikuwa siwezi hata kuionyesha kwenye ramani. Hao walijibu kwamba wanataka wasichana ambao hawajaolewa. La tatu ndilo hili.

Barua ya kwanza ilipokuja sikumwambia mtu. Niliichukua nikaenda kupika kwa kuni mbichi ili moshi uwe mwingi, machozi yapate sababu. Ya pili nilimwambia mume wangu tu, naye akasema pole, akatoka nje akarekebisha mlango wa zizi uliokuwa mzima. Mimi nikaenda nyuma ya lile jiwe kubwa la juu ya shamba nikakaa huko mpaka titi likaniambia mtoto ana njaa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nakataliwa. Kwa siri, kama mtu mwenye ugonjwa wa aibu.

Hili la tatu lilikuwa zito zaidi kwa sababu walinifikisha mlangoni. Waliniita mjini nikaulizwe maswali. Mzee Salumu, fundi cherehani wa pale dukani barabarani, alinipunguzia gauni langu la harusi likawa gauni la mtu wa maana. Nyuma ya meza walikaa wakubwa watatu. Waliniuliza hesabu, waliniuliza kwa nini ualimu, nikajibu na sauti haikutetemeka. Mwisho mmoja akaniuliza, "Na mtoto utamwacha na nani?"

Nikasema, "Na bibi yake."

Bibi yake nilikuwa sijamuuliza.

Njia nzima ya kurudi maziwa yalinitoka, gauni lote la mbele likalowa, na mimi nilikuwa na furaha. Niliona kama nimeshafika.

Bibi yake namwita Mayu. Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma. Ni mama wa mume wangu, mwembamba, mwepesi wa kutembea, mwepesi wa kusema. Habari za chuo alizisikia dukani, na siku hiyo tulikuwa tunapukuchua mahindi. Hakuinua kichwa. Akaniuliza tu, "Na titi utalituma kwa posta?" Kisha akaendelea kupukuchua. Sikujibu. Nilijua nikijibu nitasema neno ambalo halirudi.

Sasa ya jana.

Jana baada ya umande kukauka nilikwenda kuchuma. Mbula nilimwacha na Mayu. Mume wangu hayupo, yuko Nansio, kule kisiwani, tangu msimu ufunguliwe, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na tangu ameondoka hajaandika hata mstari. Kila meli ikitoka huko Mayu anauliza wasafiri kama ziwa lilikuwa limetulia. Anauliza hata watu waliotoka Shinyanga.

Huku mimi nikiwa shambani, Mayu alimbeba mjukuu wake mgongoni akaenda dukani kununua chumvi. Barua zetu hufikia hapo. Mzee Salumu huzipokea barazani pamoja na nguo za watu, na kwa asiyejua kusoma humsomea, huku mguu mmoja bado uko kwenye cherehani. Alipomwona Mayu akamwambia, "Mama, kuna barua ya nyumbani kwenu." Mayu akasema soma. Alifikiri mwanawe amekumbuka.

Mzee Salumu akavaa miwani, akafungua, akaanza. "Tunasikitika kukuarifu kwamba..."

Hapo uzi ukakatika kwenye cherehani. Akainama kuutafuta. Alipoinua kichwa barua haikuwepo, Mayu hakuwepo, na chumvi ilikuwa palepale juu ya meza.

Sisi hapa neno hilo tunalijua. Hatulitumii tukivunja chungu wala mvua isipokuja. Linatoka kwenye redio ya dukani, jioni, kwa sauti ya mtu aliyeshiba: tunasikitika kutangaza kifo cha fulani. Linakuja kwenye barua za watu waliokwenda kufanya kazi mbali. Mayu alilisikia neno moja tu hilo, na yaliyofuata akayajaza mwenyewe. Alipiga yowe tangu alipoiacha barabara mpaka nyumbani, na kila nyumba aliyopita wanawake walitoka wakamfuata.

Mimi sikusikia kitu. Shamba letu liko upande wa pili wa mawe.

Nilishuka jioni na kikapu kichwani, nimechoka vile ambavyo hata kufikiri ni kazi. Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba jikoni hakuna moshi. Cha pili, uani kumejaa mikeka, na juu ya mikeka wanawake, miguu wameinyoosha, kanga wamejifunga viunoni. Wanaume watatu wanne walikaa pembeni kwenye magogo.

Waliponiona wakanyamaza wote.

Mama Kulwa, jirani yangu wa karibu, mama wa mapacha, mwanamke ambaye hajawahi kunisalimia bila kunitania, alisimama akaja akanitua kikapu taratibu, akanishika mkono kama mtoto. Akasema, "Kaa kwanza, mwenzangu."

Nilimtazama Mayu. Alikuwa ameegemea ukuta, kitambaa cha kichwa kimevuliwa, amekumbatia magoti.

Mgongoni kwake hapakuwa na mtoto.

Sitaandika nilichokiwaza. Nikiandika kitakuwa kimewahi kuwepo. Nitasema tu kwamba sikuuliza. Nikawa naangalia mapajani kwa mwanamke mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine, natafuta kichwa kidogo. Kama waliniambia kitu sikukisikia. Nilisikia masikioni mlio kama wa mashine.

Kisha ndani ya nyumba mtu akakohoa. Kikohozi kidogo, cha kupaliwa. Baada ya hapo kikaja kilio cha hasira, kile cha kunyang'anywa kitu, ambacho nakijua kuliko sauti yangu. Binti wa jirani akatoka naye mkononi. Alikuwa ameshika kipande cha mchembe, kile kiazi kitamu cha kukaushwa, amejipaka uso mzima, na kipande kingine alikuwa amenyang'anywa kwa sababu kilikuwa kikubwa mno kwa koo lake.

Nilimchukua. Nikamnusa kichwa. Nikamnusa shingo. Alinuka moshi, viazi na mkojo.

Watu walidhani nalia kwa ajili ya msiba. Mimi nilikuwa nalia kwa sababu haukuwa wangu.

Hapo ndipo nilipoweza kuuliza. Nikasema, "Ni nani?"

Mama Kulwa akaangalia chini. "Ni Baba Mbula. Barua imekuja."

Nitaandika ukweli, hata kama si mzuri. Habari hiyo haikuingia. Nilikuwa nimejaa shukrani mpaka juu, na nafasi ya kitu kingine haikuwepo. Nilikaa tu na mtoto wangu, nikasema moyoni subiri kidogo, nitakulia, nipe dakika moja nimshike huyu. Mume wangu akirudi nitamweleza, naye atanielewa, au atakwenda kurekebisha tena mlango wa zizi.

Kengele ya baisikeli ikalia barabarani.

Alikuwa Mzee Salumu, amekuja mbio, utepe wa kupimia bado uko shingoni na sindano imechomekwa kifuani kwenye shati. Akaisimamisha baisikeli, akawaona watu wote wale, akavua kofia.

"Jamani, poleni. Nani amefariki?"

Mama Kulwa akamjibu, "Mzee, shikamoo. Si wewe uliyesoma?"

"Marahaba. Mimi? Mimi nimesoma maneno matatu. Uzi umekatika, nainua kichwa mama ameondoka na barua. Nimekuja kuleta chumvi." Akaitoa mfukoni kweli, akaiweka juu ya mkeka, katikati ya wafiwa. "Chumvi hii hapa. Barua mimi sijaimaliza."

Wote tukamgeukia Mayu. Barua ilikuwa kwenye ngumi yake. Mzee Salumu alinyoosha mkono, Mayu akamkatalia. Alinipa mimi. Akasema kwa sauti iliyokwisha, "Soma wewe. Ni mume wako."

Nilipoona muhuri tu nilijua. Muhuri ule nilishauona juu ya ile barua ya kuniita mjini. Niliikunjua kwenye goti, ilikuwa imelowa jasho. Nikasoma kwa sauti, kwa sababu walikuwa wanasubiri, na kwa sababu nilikuwa sina nguvu ya kuchagua.

"Tunasikitika kukuarifu kwamba ombi lako la msaada wa masomo halikufanikiwa."

Kuku mmoja akapita katikati ya mikeka.

Kutoka nyuma kabisa bibi mmoja mzee, ambaye Kiswahili hakitumii ila siku ya gulio, akauliza, "Huyo Ombi ni mtoto wa nani?"

Mwenzake akamnong'oneza, "Simjui. Labda wa upande wa mama."

"Masikini. Alikuwa mkubwa?"

Mzee Salumu akakaa chini palepale alipokuwa amesimama. Akafunika uso kwa kofia. Mabega yakaanza kumtikisika, na watu wakafikiri naye alimpenda sana huyo Ombi, mpaka kicheko kilipomtoka. Nami nikashikwa. Nilijaribu kusema hakuna aliyekufa, Baba Mbula ni mzima, ni chuo tu, wamekataa kunipa chuo. Maneno yalitoka vipande vipande katikati ya kicheko, na kila kipande kilizidi kuwachanganya. Mbula alinitazama usoni, akaanza kucheka naye, mchembe ukamwanguka.

Mama Kulwa ndiye aliyeelewa kwanza. Akashika kiuno.

"Kwa hiyo hakuna maiti?"

"Hakuna."

"Na mimi nimelia toka kule kisimani. Nimeanguka na ndoo. Tazama goti hili. Nimelia sifa za mwanaume huyu ambaye sururu yangu hajairudisha tangu mwaka jana."

"Zifute," mwanamume mmoja akasema kutoka kwenye magogo.

"Siwezi kuzifuta, Mungu ameshasikia."

Mayu alikuwa bado hajacheka. Alinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu. "Sema tena. Mwanangu yuko hai?"

"Yuko hai, Mayu. Hii si barua yake. Yeye bado hajaandika."

"Mjinga yule," akasema. Akafunika uso kwa kanga, akalia upya, lakini kilio hiki kilikuwa na maji ndani yake. Kile cha kwanza kilikuwa kikavu.

Sasa hapo likazuka shauri la unga. Kila mwanamke alikuwa amekuja na unga wake kwenye bakuli, na kuni, na mmoja alileta furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaushwa. Kwetu unga ulioingia kwenye nyumba ya msiba hautoki kurudi ulikotoka. Hakuna anayetaka kukirudisha kifo nyumbani kwake ndani ya bakuli. Walibishana. Mmoja alisema kwa kuwa msiba haukuwepo, unga nao ni unga tu. Mwingine akamwambia basi chukua wako, tukuone. Hakuuchukua. Mwisho Mama Kulwa akaamua kama kawaida yake.

"Unga utapikwa hapahapa na utaliwa hapahapa. Na kwa kuwa tumeshaketi, tutakaa. Mama Mbula, hebu tueleze huyu Ombi alikuwa nani."

Nilidhani ananitania. Aliketi karibu yangu, akanyoosha lile goti lake lililochubuka, akangoja. Wote wakangoja.

Nikawaeleza.

Sikuwahi kumweleza mtu yote kwa mfululizo. Niliwaeleza la kwanza na kuni mbichi. Niliwaeleza la ng'ambo, kwamba walitaka ambao hawajaolewa, na Mama Kulwa akauliza kwani walitaka kukusomesha au kukuoa. Niliwaeleza wakubwa watatu na meza, gauni, maziwa yaliyolowesha gauni. Mzee Salumu akasema gauni lilikuwa zuri, kosa halikuwa la gauni. Nilipofika kwenye swali la mtoto nikapita haraka, kwa sababu Mayu alikuwa anasikiliza, na nadhani aliona nilivyopita haraka.

Wakasema pole. Pole yenyewe, ile ya kwenye msiba, mmoja baada ya mwingine, kwa kunishika mkono. Yule bibi wa nyuma, baada ya kuelezwa vizuri kwa Kisukuma, alinishika mashavu akasema hata hivyo alikuwa wako, huyo Ombi, ulimbeba siku nyingi. Hapo ndipo nililia kilio changu cha barua ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hakuna moshi uliohitajika.

Tulikula ugali na furu. Hakuna aliyetaja chumvi, lakini ilikuwepo.

Waliondoka kabla giza halijaingia, na mimi nikalala kama gunia.

Asubuhi hii nimeamka nikitafuta lile jiwe la kawaida kifuani. Nimelitafuta kweli, kama unavyopeleka ulimi kwenye jino lililong'olewa. Halipo. Kukataliwa kupo, karo haipo, chuo bado kiko kulekule kilipo, na mimi bado nina wanafunzi ambao nikishindwa kuwaeleza naimba. Lakini mtoto wangu anapumua hapa na joto lake linanipenya kwenye gauni. Mume wangu ni mzembe wa kuandika tu. Kwa muda mfupi jana niliona jinsi neno hilo la kusikitika linavyoonekana likiwa la kweli. Wale wakubwa wamelitumia kwa kitu kidogo mno. Au labda ni vizuri kwamba safari hii limekosa kazi kubwa ya kufanya.

Na kuna nafuu nyingine ambayo sikuitegemea. Sina tena cha kuficha. Buhongwa nzima inajua ninataka nini. Wamekizika mbele yangu na wamekula ugali wake. Mtu akinikuta naandika tena, hataniuliza naandika nini.

Nimeacha kidogo. Mayu alikuwa hapa.

Alikuja na kikapu cha pamba ya jana akakaa chini karibu yangu, akaanza kuichagua. Nyeupe kushoto, yenye madoa na majani kulia. Safi na fifi, ndivyo wanavyoziita kwenye mizani, na mikono ya Mayu haikosei hata akiangalia pembeni. Kisha akasema bila kuniangalia.

Alisema baba wa mume wangu alikwenda kukata mkonge, mbali, upande wa pwani, mume wangu akiwa bado anatambaa. Ikaja barua. Alisomewa na mtu, na mtu huyo naye alianza na neno hilo. Yeye alikuwa anatwanga. Alisimamisha mchi hewani akasubiri aelezwe, kwa sababu alikuwa hajui neno hilo lina maana gani. Tangu siku hiyo anajua.

"Ndiyo maana jana sikungoja," akasema.

Na mimi moyoni nilikuwa namcheka kwa kuwauliza kwake watu wa Shinyanga habari za ziwa. Sikujua. Nilimwambia, "Pole, Mayu," nikiwa nimechelewa kwa muda wote ambao nimekuwa mkwe wake.

Akaitikia kwa kichwa. Akaendelea kuchagua. Halafu, "Nipe hiyo balua."

Nikampa. Akaigeuza, akaitazama kichwa chini, nikaigeuza vizuri.

"Neno lenyewe liko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Na kama wangekupa chuo, wangeandika nini hapo?"

Nikafikiri. "Wangeandika tunafurahi. Tunafurahi kukuarifu."

"Tunafulahi." Akalionja. "Na lenyewe linafananaje? Ni lefu kama hili?"

Nimechukua kijiti nikaandika yote mawili uani, juu na chini. Mayu amefunga jicho moja, kama anavyotazama sindano. Akasema, "Unanidanganya. Yanaanza sawa."

Yanaanza sawa kweli. Sikuwahi kuliona hilo, mimi mwalimu. Tuna, na tuna. Herufi nne za mwanzo ni zilezile, na hapo mtu bado hajui kama analia au anacheka. Baada ya hapo ndipo yanapoachana. Nikamwonyesha. Hii ni s, kama nyoka. Hii ni f, kama mkongojo wenye kijiti katikati. Akazifuata kwa kidole kwenye vumbi, polepole, na kidole chake kina ufa mweusi wa miaka ya jembe.

Huyu ndiye mwanamke ambaye nilimwalika darasani mara nyingi, akanijibu kwamba ng'ombe wake anawajua wote bila kusoma.

"S ya nini?" akauliza.

"Ya kusikitika. Ya sindano. Ya..." macho yangu yakaangukia rundo la kushoto. "Ya safi."

"Na f?"

Nikaanza kucheka kabla sijajibu. "Ya fifi."

Mayu akaangalia pamba. Akaangalia vumbi. Akaangalia pamba tena.

"Yaani kwenye balua zenu safi ndiyo mbaya na fifi ndiyo nzuli."

"Ndivyo ilivyoangukia, Mayu."

"Nyie watu mliosoma," akasema, na akatikisa kichwa kwa huruma kubwa. "Sasa nimejua. Ikija nyingine, sitapiga yowe mpaka nimeona fifi haipo."

Ikija nyingine. Amesema hivyo. Nimeirudia moyoni kuhakikisha kwamba sikuitunga.

Sikumwuliza chochote. Nimejifunza kwamba Mayu ukimkimbilia anafunga mlango. Alisimama, akakung'uta kanga, akamchukua Mbula kutoka mapajani mwangu. Mbula hakulia, alimvuta sikio. Mayu akampima uzito mikononi, juu chini, kama wafanyavyo na gunia kabla ya mizani.

"Huyu meno anayo," akasema. "Jana amekula mchembe peke yake. Na uji anakunywa." Akaondoka naye kwenda nyuma ya nyumba, na kutoka huko nimemsikia akimwambia, "Mama yako alidhani hatumwoni akilia kwenye moshi."

Nimekaa hapa na kalamu, titi limebaki wazi kama la mtu mwehu.

Sitajidai kwamba mambo yamekwisha. Nitaomba tena pamba ikishauzwa, na inawezekana watasikitika tena, hao wakubwa. Wana karatasi nyingi za kusikitikia. Lakini nikiulizwa mtoto nitamwacha na nani, safari hii jibu nitakuwa sijalitunga. Na kabla ya hayo, nitamwandikia Baba Mbula kwamba jana alikufa, akaliliwa vizuri, akafufuka kabla ya ugali kuiva, na kwamba arudishe sururu ya Mama Kulwa.

Majani yamekauka. Naona wenzangu wanapanda kwenye mawe na vikapu vyao, na Mama Kulwa anachechemea makusudi ili nimwone.

Pale uani s haipo tena. Mayu aliifuta kwa kisigino alipokuwa anapita, sijui kama alikusudia. F yake bado imesimama, imepinda kidogo. Nitapita pembeni.